Jumba Lililosimama kwa Buni

Ndugu msomaji, kila mji wa biashara huwa na jumba moja ambalo wenyeji hulitumia kumwelekeza mgeni njia. Katika mji wa Shanghai, nchini China, jumba la namna hiyo ni duka kubwa la Wing On, lililofunguliwa mwaka 1918 katika barabara ya Nanjing. Waasisi wake, wa ukoo wa Kwok, walianza kwa kuuza ndizi na matunda mengine mjini Sydney, Australia, na mtaji wa duka lao waliuchangisha kwa Wachina wenzao walioishi ng'ambo. Mji wetu wa Moshi nao unalo jumba lake lililochangiwa na watu wengi, na habari yake vilevile inaanzia migombani.

Ukifika Moshi, tafuta mnara wa saa. Karibu na hapo utaliona jumba la ghorofa la KNCU, yaani Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, likawa na ofisi za chama, nafasi za maduka, na hoteli iliyopewa jina la mti wa kahawa, Coffee Tree. Kutoka orofa za juu, asubuhi mawingu yanapokuwa hayajatanda, mtu aliweza kunywa chai akiitazama Kibo, yenye urefu wa mita 5,895, na chini yake mashamba yaliyolipia kiti alichokalia.

MZIGO WA KICHWANI

Kabla hujalistaajabia jumba lenyewe, yafaa upande mlimani, Kibosho, Machame, Marangu au Kilema, uone jinsi fedha yake ilivyopatikana. Huko kila jamaa ina kihamba chake, shamba la urithi ambamo kahawa huota chini ya kivuli cha migomba, na maji hushuka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Tunda la kahawa huchumwa likiwa jekundu, moja moja, kwa mkono. Humenywa kwa mashine ndogo, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa kwenye vichanja huku mtu akichungulia mbingu, maana mvua ya ghafla huharibu kazi ya wiki nzima.

Buni iliyokauka, ingali na ganda lake jembamba, ilipelekwa katika ghala la chama cha msingi. Mara nyingi ilikuwa juu ya vichwa vya akina mama, ingawa jina lililoandikwa katika daftari la chama lilikuwa kwa kawaida la baba. Hapo mkulima alipokea malipo ya awali tu. Buni iliteremshwa Moshi, ikakobolewa kiwandani, ikapangwa kwa madaraja, ikauzwa, na ndipo malipo ya mwisho yalipopatikana. Malipo hayo ndiyo yaliyonunua mabati, sare na ada ya shule. Katika kila mauzo chama kilibakiza sehemu ndogo kwa ajili ya gharama zake na akiba. Bei ya kahawa duniani ilipopanda miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili, sehemu hizo ndogo zikawa fedha ya kutosha kusimamisha jumba.

HAKI YA KUPANDA

Wala haki ya kupanda kahawa haikupatikana bure. Mbegu zilikuwa zimeletwa mlimani na wamisionari Wakatoliki kabla ya mwaka 1900, na reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Walowezi wa Kizungu hawakupenda Mchagga aoteshe zao lile lile waliloliotesha wao. Walidai kwamba mashamba yake yangeeneza magonjwa na wadudu, na bila shaka walijua pia kwamba mtu mwenye fedha yake mwenyewe hakimbilii kibarua. Ili kuilinda haki hiyo wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Chama hicho kilishughulikia dawa za kuua wadudu na uuzaji wa mazao. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vya kwanza kabisa katika nchi yetu.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba mambo yalikwenda sawa sikuzote. Sheria iliwalazimisha wakulima kuuza kahawa yao kwa chama tu, na bei ilipoanguka katika miaka ya 1930 wengi waliona kwamba chombo chao kimegeuka kuwa mkono wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1937 hasira ikapasuka, na majengo ya baadhi ya vyama vya msingi yakashambuliwa na wenye chama wenyewe. Mwenye mali asiyeelezwa hesabu ya mali yake haikawii siku atakayoiona kuwa ni mali ya mwingine.

KUTA BILA WENYEWE

Mwaka 1976 lilikuja pigo la namna nyingine. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, na kazi ya kununua na kuuza kahawa ikakabidhiwa mamlaka ya umma. Angalia, ndugu msomaji: siku ile halikuanguka hata tofali moja. Madirisha yalibaki mahali pake na ngazi zilibaki zile zile. Lakini mzee wa Uru au Mamba aliyepita mbele ya jumba hilo hakuwa tena na neno la kusema juu yake. Ndipo watu wengi walipotambua kwamba walichokijenga hakikuwa kuta peke yake, bali pia haki ya kuketi katika mkutano, kuuliza hesabu na kupiga kura moja, uwe na miche 50 au 1,000.

Sheria mpya ya ushirika ilitungwa mwaka 1982, na KNCU ikarudi mwaka 1984. Mwaka huo umeingizwa katika jina lake rasmi, kana kwamba wanachama hawakutaka usahaulike.

Kurudi kwa chama hakukumaliza matatizo. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa iliachwa huria, na wanunuzi binafsi wakapanda mlimani na fedha taslimu mkononi. Mzazi ambaye mtoto wake amefukuzwa shule kwa kukosa ada ni vigumu kumwambia angoje malipo ya mwisho. Vihamba navyo vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hata vikawa vidogo mno, miti imezeeka, na kaya nyingi zimeing'oa kahawa zikapanda mboga na migomba zaidi. Chama nacho kimetafuta wanunuzi wa ng'ambo wanaolipa bei ya haki, lakini kila gunia lisilopita ghalani kwake humpunguzia nguvu.

Kwa hiyo, wewe mfanyakazi wa mjini, utakapopita Moshi pamoja na jamaa yako, usiharakishe kutoka kituo cha mabasi. Wasimamishe watoto mbele ya jumba hilo, uwaonyeshe mlima ulio nyuma yake, na uwaeleze kwamba lilijengwa kwa buni iliyobebwa kichwani. Na kama wewe mwenyewe ni mwanachama wa chama chochote, kiwe cha akiba na mikopo, cha nyumba au cha duka pale kazini, uende kwenye mkutano wake ujao ukaulize hesabu.