Zima Besi Kwanza

Mteja anayetafuta seti ndogo ya muziki akifika dukani kwangu, mkono wake huanza na kitufe cha kuongeza besi. Kila kampuni imekipa kitufe hicho jina lake, na karibu majina yote yanaahidi mlipuko. Akishakibonyeza, kioo cha kaunta kinatetemeka, rafiki aliyemsindikiza anatikisa kichwa, na biashara imeshakwisha nusu. Mimi ni muuzaji, sina haja ya kumnyima mtu furaha yake. Lakini anayeniomba ushauri namwambia azime besi kwanza, arudishe kila kitu katikati, apunguze sauti mpaka tuweze kuongea bila kupigiana kelele, ndipo tuanze kusikiliza.

Nazungumzia zile seti za kuweka rafuni: kisanduku kimoja chenye redio, CD, na siku hizi blutuzi na tundu la flashi, pamoja na maboksi mawili ya spika yanayoenea juu ya kabati la sebuleni. Hapa Kariakoo tunazipata za mtumba kutoka Japani, Uingereza na Dubai, zikija kontena moja na majokofu na baiskeli. Mchana nazifungua kwa bisibisi na mita, jioni naziuza. Mwenye bisibisi anataka kujua seti itadumu muda gani. Mwenye masikio anataka kujua inaimba vipi. Majibu hayafanani mara zote, na bei ya haki iko mahali fulani kati ya hayo mawili.

Sababu ya kushusha sauti iko kwenye sikio lenyewe. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri sauti inavyopungua ndivyo masikio yetu yanavyoipoteza besi kuliko sauti za kati. Kwa hiyo ukifungulia sana, hata seti hafifu hupata mwili. Wauzaji tunalijua hilo. Weka seti mbili sambamba, pandisha moja kidogo tu, kiasi ambacho mteja hang'amui kwamba umeipandisha. Atakwambia hiyo ndiyo inayopiga safi. Seti nzuri hujulikana ikinong'ona. Maneno bado yanasikika, gita la besi bado linafuatika, na mkono wako haukimbilii kuongeza.

Napenda kuanza na sauti ya mtu peke yake. Ninayo CD ya kisomo cha Abdul Basit Abdus-Samad, yule msomaji wa Misri aliyefariki mwaka 1988, na hata wateja wangu wasio Waislamu wanaelewa haraka kwa nini naichagua. Pumzi yake ni ndefu ajabu, na baada ya kila pumzi kuna kimya. Seti yenye kapasita zilizochoka hukijaza kimya kile kwa mvumo wa umeme. Sauti inaposhuka kifuani isigeuke ya mtu anayesoma ndani ya pipa. Ikigeuka, ujue boksi la spika ni jembamba na kuta zake zinaimba pamoja na spika. Ligonge kwa kifundo cha kidole. Boksi la mbao za kusaga lililojengwa vizuri hujibu kifupi na kizito, la plastiki tupu hulia. Tena kuna faida nyingine ya kisomo: kikiwa kinapigwa hakuna anayejadili bei. Watu wananyamaza kwa heshima, na duka zima linapata dakika mbili za kusikiliza kweli, jambo ambalo Kariakoo ni adimu.

Baada ya hapo naweka dansi la zamani. Rekodi nyingi za studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1960 na 1970 ni za mono, yaani spika zote mbili zinapewa kitu kilekile. Vijana wanaziona hafifu kwa sababu hiyo, lakini kwangu ni kipimo ambacho hakidanganyi. Ukikaa katikati ya spika mbili zilizo sawa, mwimbaji wa NUTA Jazz anatakiwa asimame mbele yako hasa, hewani, mahali pasipo na spika yoyote. Akiegemea upande mmoja, upande wa pili una ugonjwa.

Mzee mmoja alikuja na mjukuu wake kununua. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye stuli bila kugusa kitufe chochote. Mjukuu alikuwa na flashi ya singeli, akataka seti kubwa kuliko zote. Nikawawekea wimbo wa mzee kwanza. Haukufika nusu akainua kidole.

"Fundi, huyu mwimbaji mbona amehamia kwa mjukuu wangu?"

"Unamsikia kushoto, mzee?"

"Kushoto kabisa. Na magitaa ya juu yote yamemfuata."

Sikuwa nimeifungua seti ile bado. Nikachukua gazeti, nikalikunja liwe bomba jembamba, nikaweka ncha moja sikioni na nyingine mbele ya tweta ya kulia, ile spika ndogo ya sauti za juu. Kimya. Nilipofungua boksi nikakuta kapasita inayoilisha imekauka. Ni kidude cha bei ya chai na vitumbua, kazi ya pasi na risasi kidogo. Mwimbaji akarudi katikati, na mzee akalipa bila kuomba apunguziwe. Bomba la gazeti nalitumia mpaka leo, na kwa seti mpya za bei rahisi ndilo la kwanza kutoka: nimeshafungua maboksi yenye tweta nzuri ya kung'aa kwa mbele, na nyuma yake hamna hata waya.

Kwenye besi ndiko pesa nyingi za watu zinakopotelea. Uzi mnene kuliko yote wa gita la besi la nyuzi nne hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ya rafuni yenye kipenyo cha sentimita 12 haiwezi kuitoa hezi 41 kwa nguvu yoyote ya maana. Inachotoa ni zile sauti za juu zinazozaliwa na noti hiyo, na ubongo wako unajazia iliyobaki. Mtengenezaji mwaminifu anaikubali hali hiyo, besi inashuka taratibu, na unasikia kila noti mahali pake. Mtengenezaji mwenye haraka anapandisha kilima kwenye hezi 100 hivi, ili dukani pasikike kishindo. Matokeo yake ni besi ya noti moja: mpigaji anapanda na kushuka, wewe unasikia "du, du, du" ileile tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Chukua wimbo wowote wa DDC Mlimani Park ambao unaujua kwa moyo, ufuate mstari wa besi peke yake kwa kuuimba mdomoni. Noti moja ikikurukia na ya pili ikizama, hiyo besi ni mapambo.

Kuhusu wati, soma mgongo wa seti, achana na uso. Usoni kuna kibandiko chenye namba kubwa na herufi PMPO, na namba hiyo haina kanuni yoyote inayokubaliwa. Kila mmoja anaipata anavyojua. Mgongoni kuna kibao kidogo kinachosema seti inakula umeme kiasi gani: 230V, 50Hz, wati 35, pengine 60. Kibao nacho si hakimu wa mwisho, kwa sababu hupimwa seti ikipiga kwa wastani, lakini mashine inayokula wati 35 haiwezi kumwagia spika wati 2,000. Umeme wa ziada ungetoka wapi? Seti za Denon za D-M41, kwa mfano, zimeandikwa wati 30 kwa kila upande, kwenye spika za omu 6, na karatasi yake inakiri kwamba hapo sauti imeshaharibika kwa asilimia 10. Namba ndogo, lakini inakwambia ilipimwaje. Na wati zenyewe hazina uzito ambao watu wanaudhania. Ukizidisha nguvu mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, ongezeko dogo kwa sikio. Ili mtu aseme imekuwa mara mbili unahitaji nguvu mara kumi hivi. Spika inayotoa desibeli 88 kwa wati moja inakusaidia kuliko kuongeza wati kwa spika ya 84, lakini namba hiyo hakuna anayeibandika usoni.

Kwenye mtumba, mkono unafanya kazi pamoja na sikio. Vua kitambaa cha spika uangalie ule ukingo unaoizunguka koni. Ukiwa wa mpira, vizuri. Ukiwa wa sponji, jua na unyevunyevu wa pwani yetu huugeuza unga. Uguse kwa kidole, ukiacha vumbi jeusi usibishane na muuzaji, punguza bei au ondoka. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole viwili vilivyotengana, iingie sawasawa. Ukihisi mkwaruzo, koili imeungua au imepinda. Ukitaka kujua kama nyaya zimefungwa sawa, chukua betri ndogo ya rimoti, ile ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye tundu jekundu na hasi kwenye jeusi: koni za spika zote mbili ziruke kwenda nje. Moja ikiruka ndani, spika zinapingana na besi inajiua yenyewe. Kuna watu wameuza seti nzima kwa hasira kwa sababu ya waya uliogeuzwa.

Za Japani zina mitego yake. Umeme wa kule ni volti 100, na seti iliyotengenezwa kwa soko la ndani ukiichomeka kwenye soketi ya Dar es Salaam bila transfoma ya kupunguzia, moshi unatangulia muziki. Ukishanunua transfoma, unakutana na redio: FM ya Japani ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, wakati ya kwetu inapanda hadi 108, hivyo stesheni nyingi hazishiki. Wenye magari ya Japani wanaijua karaha hiyo. Seti kama hiyo naiuza kwa mtu wa CD na simu, tena namwambia mapema, na bei yake naishusha hata kama spika zake ni za ajabu. Na mara nyingi huwa za ajabu kweli; Wajapani wa soko la ndani hawakubanwa na kitufe cha mlipuko kama walivyobanwa wale waliotuuzia sisi.

Thamani basi naipima kwa kuuliza nini kitaharibika na nani atakitengeneza. Jicho la CD huchoka, lakini la aina ya KSS-213 ni rahisi kulipata na nalibadilisha nikiwa napiga soga. Mkanda wa droo ukiyeyuka kuwa lami, unawekwa mwingine. Mende wakizaliana karibu na transfoma kwa sababu ya joto, bodi husafishwa, ingawa harufu haiishi. Kioo cha maandishi na bodi ya prosesa ndivyo vinavyoniogopesha: vikifa, seti imekufa, hakuna dukani wala kwenye makapi. Rimoti ikipotea kwenye seti ambayo mipangilio yake yote iko kwenye rimoti, umenunua nusu ya seti. Kwa upande mwingine, maboksi mazuri ya spika yenye matundu ya kawaida, mekundu na meusi, hayazeeki haraka. Kisanduku kikifa unayaunganisha na amplifaya nyingine. Ndiyo maana kwenye seti iliyokufa naweza kulipia spika peke yake, na kwenye seti inayopiga vizuri yenye spika za plagi ya ajabu ajabu naweza nisitoe hata shilingi.

Halafu seti inaenda nyumbani, na nyumbani ndiko sauti inakoamuliwa. Sebule zetu ni vigae chini, kuta za tofali na plasta, madirisha makubwa. Sauti inagonga na kurudi. Zulia na pazia zito hufanya kazi kubwa kuliko kubadilisha waya. Spika ukiziweka kwenye kona, besi inavimba. Ukizisogeza mbele kidogo kutoka ukutani, inatulia. Watu wengi hawana pa kuzisogeza, na seti inakaa kabatini pamoja na vyombo.

Mama mmoja alinipigia simu siku ya pili baada ya kununua, amekasirika kweli. "Fundi, hii spika yako ya kulia inakwaruza."

"Samahani mama. Imekaa karibu na nini?"

"Kwenye kabati, pembeni ya glasi zangu."

"Hebu zisogeze glasi upande wa kushoto, halafu uniambie."

Nikasikia akizisogeza moja moja. Muziki ukaendelea. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba sasa inakwaruza ya kushoto.