Kiharusi cha Mtoto wa Miaka Mitano

Mwaka 1993 nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya mkoa, huku pwani. Siku zile ukitaja kiharusi, watu walimfikiria mzee mwenye presha. Kwa hiyo bibi mmoja alipotuletea mjukuu wake wa miaka mitano, mdomo umevutwa kushoto, mkono wa kulia unaning'inia, maneno hayatoki, kila aliyekaa kwenye benchi alikuwa na jibu lake. Huyu alisema degedege, yule upepo mbaya. Bibi alikuwa ameshapitia kwa mganga; chale begani kwa mtoto zilikuwa bado mbichi.

Tukaanza na tuliyoyazoea. Tulipima malaria, hatukuiona. Tulipima seli mundu, kwa sababu ndiyo tuliyoijua kwa kuwapoozesha watoto, hakuwa nayo. Homa hakuna, shingo laini. Mashine ya kupiga picha ya ubongo hatukuwa nayo.

Daktari wetu, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Uingereza, akavuta kiti akakaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Tangu mwaka uanze, mjukuu wako ameumwa nini?"

"Hajaumwa, baba. Ni tetekuwanga tu, ile ya kabla ya Ramadhani. Nikamwogesha mwarobaini, ikaisha."

Daktari akampandisha mtoto fulana. Kifuani na mgongoni kulikuwa na vishimo vidogo vya mviringo, vimeanza kufifia. Akatuita tuvitazame, kisha akatueleza. Virusi vya tetekuwanga havitoki mwilini upele unapokauka. Hujificha ndani ya mishipa ya fahamu. Kwa watoto wachache hufuata mishipa hiyo hadi kwenye mishipa ya damu ya ubongo. Ukuta wa mshipa unavimba, njia inabana, damu inaganda papo hapo, na sehemu ya ubongo inakosa damu. Balaa hilo linaweza kuja wiki au miezi baada ya mtoto kupona na kurudi kucheza.

Alipoandika dawa, nikashtuka: aspirini. Tangu miaka ya 1980 tulikuwa tukiwaonya wazazi wasiwape watoto vidonge hivyo, kwa kuwa mtoto mwenye tetekuwanga au mafua makali akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Nikamuuliza, "Daktari, si tumeikataza hii?" Akajibu kwamba katazo liko palepale kwa mtoto mwenye homa, lakini huyu tetekuwanga yake imekwisha na sasa adui ni damu inayoganda. Tulitumia kipimo kidogo, robo ya kidonge cha kawaida kwa siku, na tukamkanya bibi asimpe homa ikimrudia mpaka atuone kwanza.

Kabla ya robo hiyo tulimjaribu kwa kijiko cha maji, tuone kama anameza bila kupaliwa. Tulimgeuza kila baada ya saa chache, tukauegemeza mkono mgonjwa kwenye mto ili bega lisiteguke. Dawa ya kuua virusi hivyo, asikloviri, ilikuwepo duniani, lakini si kwenye kabati letu.

Kazi kubwa ikawa mazoezi. Mtaalamu wa viungo alimfundisha bibi, na bibi akabuni la kwake: alimwaga mchele kwenye ungo, akamshika mjukuu mkono wa kushoto, akamwambia achambue kwa wa kulia. Punje zilimwagika sakafuni, wakaziokota pamoja. Miguu ilipata nguvu mapema, maneno yakafuata. Vidole ndivyo vilivyochelewa, na havikurudi kamili. Alipoanza shule aliandika kwa kushoto.

Mwaka 2001 madaktari wa Toronto, Kanada, walichapisha hesabu iliyompa haki daktari wetu. Kati ya watoto 70 wenye kiharusi cha mshipa kuziba, 22 walikuwa wameugua tetekuwanga ndani ya mwaka uliotangulia. Hiyo ni asilimia 31, wakati kwa watoto wengine ilikuwa asilimia 9. Siku hizi penye vifaa hupigwa picha ya mishipa, hupimwa maji ya uti wa mgongo, na daktari akiona virusi bado vinafanya kazi anaweza kuongeza asikloviri. Chanjo nayo ipo. Michiaki Takahashi wa Japani aliitengeneza tangu 1974.

Mzazi asiogope kila upele, kwa maana wengi mno hupona salama. Lakini mtoto akipinda mdomo ghafla, akilegea upande mmoja au akipoteza maneno, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Mganga na jirani wasubiri. Ukifika, mwambie daktari kama aliwahi kupata tetekuwanga ndani ya mwaka huo, hata kama hajakuuliza. Na aspirini ya dukani usimpe mtoto kwa kujiamulia.