Kilimani, kituo cha wanaosubiri chuo

Panda matatu nambari 46 kutoka katikati ya jiji siku yoyote baada ya Krismasi. Ikishamaliza mlima wa Valley Road na kuingia Argwings Kodhek, utaanza kuwaona: wasichana na wavulana waliofanya KCSE mwezi Novemba, na ambao vyuo havitawapokea hadi Agosti au Septemba. Sare wamevua, na kitambulisho cha chuo bado hawajapata.

Barabara hii iliitwa Hurlingham hadi wakili na waziri Argwings-Kodhek alipofariki humo katika ajali ya gari mwaka 1969. Siku hizi nyumba za zamani zenye bustani zinabomolewa, moja baada ya nyingine, na maghorofa yanachukua nafasi yao. Ndiyo maana kazi ya mjengo haikosekani Kilimani.

Huko nyuma ya Yaya nilimkuta kijana akisukuma toroli la mchanga, viganja vimejaa malengelenge. Alikuwa na wiki sita kazini.

"Mama anajua?" nilimuuliza.

"Anajua, aunti. Yeye haogopi kazi. Anaogopa pesa. Ninalipwa kila Jumamosi, na anasema nikizoea, chuo nitakiona mbali."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2008. Enzi hizo walioitwa vyuo vikuu vya umma walikaa nyumbani karibu miaka miwili. Wenzangu waliingia 2010. Nilimsaidia shangazi kuuza mitumba soko la Toi, hapo karibu na Adams Arcade, soko lililokuwa limechomwa katika ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 na kuinuliwa tena. Msichana wa kibanda jirani alinishinda alama kwa mbali. Barua yake ya chuo ilipofika aliikunja, akaitia chini ya marobota ya suruali, akaendelea kuuza.

Waingereza huuchagua mwaka kama huu. Mwanamfalme William alitumia sehemu ya wake hapa Kenya kabla ya kuingia chuo cha St Andrews mwaka 2001. Kwetu haukuombwa na mtu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, hakikufunguliwa hadi 1983, na wanafunzi wakarundikana. Kuanzia 1984 hadi 1990 waliopata nafasi walipelekwa kwanza Gilgil kwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, wakavishwa magwanda na kuamshwa alfajiri kwa mchakamchaka. Wazee wetu wengine hadi leo hutandika kitanda kama askari!

Sasa mzazi ndiye afande. Kwenye maghorofa ya Kilimani mtoto hupelekwa kozi ya kompyuta au shule ya udereva akishatimiza miaka 18. Si vibaya. Lakini wapo wanaolala hadi saa sita mchana, simu kifuani, na mama anapika kimya akiogopa kuanzisha ugomvi.

Nilimuuliza yule kijana pesa anaziweka wapi.

"Nampa mama nusu," alisema. "Nyingine nimeficha. Yeye anadhani nimenunua viatu."

Msimamizi akapiga mluzi. Akashika toroli.