Mlima Wetu katika Vikombe vya Japani

Kila asubuhi napanga mezani vikombe vitano kwa kila sampuli ya kahawa. Siwezi kupanga kimoja, kwa sababu kasoro hujificha. Unaonja vinne, vyote safi, vina ule uchachu wa ndimu tunaojivunia hapa Moshi. Unafika cha tano, kinanuka gunia lililonyeshewa. Kazi hii ya uonjaji niliianza mwaka 2003, na aliyenifundisha kukiogopa kikombe cha tano ni mnunuzi wa Japani.

Nililipia somo hilo. Msimu mmoja nilikutana na harufu hiyo katika kikombe kimoja tu, nje lori linasubiri kupakia, na meli ya Tanga haisubiri mtu. Nikaandika kwamba kahawa ni safi. Kontena la futi 20 likaondoka na magunia 320 ya kilo sitini sitini. Kule Yokohama wakafungua, wakakaanga, wakaonja vikombe vyao, wakakuta kile kile nilichokuwa nimekiacha. Hawakugomba. Walituma barua fupi yenye picha za punje na idadi yake, tukapunguza bei, kisha kwa misimu miwili hawakununua kwetu hata gunia. Mama aliyezimenya buni zake siku ile ile alipozichuma, akaziosha kwa maji ya mfongo na kuzigeuza kwenye kichanja wiki mbili mfululizo, alipoteza soko kwa uzembe wangu, si wake. Hilo halijanitoka.

Watu wengi mjini hawajui uzito wa visiwa vile kwetu. Marekani na Ulaya wanainunua kahawa yetu, lakini Japani ndiko mnywaji wa kawaida anakolitaja jina la mlima huu akiagiza kikombe. Kule "Kilimanjaro" ni aina ya kahawa, kama sisi tunavyosema mchele wa Kyela. Inasimuliwa katika biashara yetu kwamba jina lilishika kasi baada ya filamu ya Kimarekani iliyotokana na hadithi ya Hemingway kuhusu theluji ya Kilimanjaro kuonyeshwa huko mwaka 1953. Mlima wenye theluji si kitu kigeni kwao, wana Fuji yao. Leo wafanyabiashara wa kahawa wa Japani wana kanuni waliyojiwekea: arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, ruksa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, na mchanganyiko wowote unaobeba jina hilo lazima uwe na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo.

Isome tena hiyo kanuni taratibu. Kahawa ya Mbinga ikifika Kobe ni Kilimanjaro. Ya Mbozi ni Kilimanjaro. Siwaonei wivu ndugu zetu wa kusini, kahawa yao ni nzuri na mimi mwenyewe naipitisha kila wiki. Lakini kila nikiweka sahihi kwenye shehena ya Mbinga inayokwenda kuitwa kwa jina la mlima ninaouona dirishani, nawaza kuhusu vihamba vya Kibosho, Machame na Kilema, ambako wamisionari walipanda mibuni mwishoni mwa karne ya 19, na ambako leo mashina mengi yameng'olewa yakapandwa nyanya, au pamejengwa nyumba za kupangisha. Jina limebaki na mlima. Kahawa nyingi imehama.

Sasa upande wa pili wa mizani. Simama stendi ya Moshi uangalie zile Noah zinazopanda Kibosho, Marangu na Old Moshi. Nyingi zilikwisha kutembea Japani miaka kumi au zaidi kabla ya kuvuka bahari. Wao, kama sisi, huendesha kushoto, usukani uko kulia, kwa hiyo gari walilolichoka linatufaa bila kubadilishwa kitu. Sisi tunawapelekea kahawa, ufuta, tumbaku. Wao wanatuletea magari, vipuri na mashine. Urari wa biashara kati yetu kwa kawaida umeelemea kwao, na mizigo yenyewe inaonyesha sababu: kahawa tunaipeleka mbichi, gari wanalileta limekamilika hadi redio.

Siandiki haya kwa kuwachukia. Ukishuka Chekereni utaona mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, yaliyojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987, na watu wanakula wali wa pale mpaka leo. Ninachokitaka ni hesabu iwekwe mezani kama ninavyoweka vikombe.

Kilo moja ya kahawa safi ikikaangwa hupungua, inabaki kama gramu 840. Kikombe kinataka gramu kumi. Hivyo kilo inatoa vikombe themanini na kitu. Katika mgahawa wa Tokyo yeni 500 kwa kikombe si bei ya kushangaza, kwa hiyo kilo moja inafika yeni 40,000 na zaidi, ambazo dola ikiwa yeni 150 hukaribia dola 270. Na sisi? Hata Februari 2025, bei ya soko la New York ilipopita dola 4 kwa ratili, bei ambayo baba yangu hakuwahi kuiota, hiyo ilikuwa kama dola 9 kwa kilo. Najua kodi ya pango ya Tokyo, mishahara, gesi, kikombe chenyewe, vyote viko ndani ya zile yeni 500. Hakuna aliyeiba. Lakini kazi zote hizo, kuanzia kukaanga, hufanyika upande ule wa bahari. Na ushuru si kisingizio, kwa sababu nchi zinazohesabiwa na Umoja wa Mataifa kuwa maskini zaidi, yetu ikiwemo, zinaruhusiwa kuingiza hata kahawa iliyokaangwa bila ushuru. Kinachotukwaza ni muda. Mjapani anataka kahawa iliyokaangwa juzi, na meli yetu inakaa baharini wiki nyingi.

Msimu wa 2023 baba mdogo alinipigia simu kutoka Kibosho. Bei ilikuwa imeshuka.

"Wewe si ndiye unayekaa na Wajapani? Waulize wamekasirika nini."

Nikamweleza kwamba bei hasa inatoka soko la New York, kisha nikamweleza kuhusu yeni. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa chini ya yeni 110. Kahawa inauzwa kwa dola, kwa hiyo pesa yao ikianguka, gunia lile lile linawagharimu zaidi hata kama bei yetu haijapanda senti.

"Imeanguka vipi," akaniuliza, "na magari yao ndiyo yamejaa barabara?"

Sijawahi kusikia mchumi akiuliza swali zuri kuliko hilo. Yamejaa kwa sababu hiyo hiyo, baba mdogo. Yeni ikishuka, gari lao linakuwa rahisi kwetu na kahawa yetu inakuwa ghali kwao.

Na yeni ina kisa chake. Watu wa visiwa vile hawana mafuta wala gesi ya kuwatosha. Kwa miongo mitatu waliuza nje zaidi kuliko walivyonunua, mpaka tetemeko na tsunami ya Machi 2011. Mitambo ya nyuklia ikazimwa, wakalazimika kuagiza gesi na makaa kwa wingi, na mwaka huo biashara yao ya bidhaa ikaingia kwenye nakisi. Mwaka 2022, mafuta yalipopanda duniani, nakisi ilikaribia yeni trilioni 20. Julai 2024 dola ikapita yeni 160. Mezani kwangu hilo lilifika kama maombi: mnunuzi aliyezoea daraja la AA akaomba sampuli za daraja la chini, B. Kwa mchanganyaji wa kule, asilimia 30 ya kanuni ni sakafu, na pesa ikibana, ni rahisi kushuka hadi sakafuni.

Kuna jambo lingine wakulima wanapaswa kuambiwa bila kufichwa. Tangu Mei 2006 Japani ina sheria kali ya mabaki ya dawa kwenye chakula. Dawa ambayo haijapangiwa kiwango chake hairuhusiwi kupita sehemu 0.01 kwa milioni. Mwaka 2008 walikuta mabaki ya dawa za wadudu katika kahawa ya Ethiopia, na mauzo ya jirani zetu kule yakaporomoka. Ile pampu ya mgongoni iliyopulizia nyanya jana, kesho isipulizie mibuni.

Baba mdogo hakung'oa mibuni yake yote. Miaka michache iliyopita alichukua miche Lyamungu, kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa, ya zile aina zinazovumilia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, akaipanda chini ya migomba palipokuwa na mashina ya babu. Msimu uliopita alikuja ofisini mwenyewe, amebeba mfuko wa kilo moja ya kahawa ya maganda.

Niliikoboa, nikaikaanga, nikapanga vikombe vitano. Alisimama nyuma yangu amevua kofia, kama yuko kanisani. Nilivuta kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kwenye cha tano nilikaa muda mrefu kuliko kawaida, nikarudia, nikarudia tena.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, baba mdogo," nikamwambia. "Ni safi."