Stika ya Dola 25

Ukishuka kwenye ndege Cairo, kabla hujamfikia ofisa wa uhamiaji unakutana kwanza na benki. Ni safu ya vidirisha vya National Bank of Egypt, Banque Misr na wenzao, na mbele yake foleni ya watu wenye kofia za jua na noti mkononi. Mtalii anatoa dola zake. Mhudumu hamuulizi anakwenda wapi wala atalala kwa nani; anachukua stika na kuisukuma chini ya kioo. Hiyo ndiyo viza. Mwenye pasipoti anaibandua na kuibandika mwenyewe, tena wengine huibandika upande, kisha anakwenda kugongewa muhuri, na siku zake 30 za Misri zinaanza kuhesabiwa.

Mwandishi wa makala haya aliiona biashara hiyo kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1990, lakini haikumhusu. Pasipoti yake ya Tanzania ilikuwa na viza tangu Dar es Salaam: barua ya mwenyeji, picha, tiketi ya kwenda na kurudi, kisha subira. Alisimama pembeni akiwatazama vijana wa Kijerumani waliovaa kaptula wakiinunua ruhusa ya kuingia nchini kama mtu anunuavyo tiketi ya kivuko cha Kigamboni. Kwa miaka mingi stika hiyo iliuzwa dola 15. Ilipanda kuwa 25 mwezi Mei 2014.

Si kwamba Wazungu nao walikuwa wakipita hivi hivi siku zote. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na kipindi ambacho mgeni alipotua alilazimika kubadilisha dola 150 papo hapo, kwa bei ya serikali, kabla hajatoka uwanjani. Serikali ilitaka dola zile ziingie benki, zisiishie kwa wabadilishaji wa vichochoroni waliokuwa wakitoa bei nono zaidi. Msomaji aliyeishi Tanzania ya miaka hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Mgeni alitakiwa pia kuandikishwa polisi ndani ya siku saba. Aliyelala hotelini alifanyiwa kazi hiyo na watu wa mapokezi. Aliyefikia kwa rafiki alikwenda mwenyewe kupanga foleni.

Nyuma zaidi ya hapo, watu wa Afrika Mashariki waliijua Cairo kwa sababu ambazo hazikuwa za utalii hata kidogo. Idhaa ya Kiswahili ya Radio Cairo ilianza mwaka 1954, ikiwa na sauti ya Mzanzibari Ahmed Rashad Ali, na ikawa kero kwa Waingereza kuanzia Unguja hadi Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walifuata Mto Nile kupitia Juba na Khartoum wakitafuta nafasi za masomo. Wengine hawakuwa na pasipoti, kwa kuwa mkoloni alikuwa mgumu kuwapa. Walibeba barua ya chama au jina la mtu wa kumwona Cairo, na Misri ya Gamal Abdel Nasser iliwapokea. Ni jambo la kufikirisha kwamba watoto na wajukuu wa kizazi hicho ndio waliokuja baadaye kudaiwa karatasi nyingi kuliko Mjerumani wa Düsseldorf.

Waliotaka kubaki zaidi ya muda wa viza walipelekwa Mogamma. Hakuna mgeni aliyeishi Cairo zamani asiyeikumbuka: jengo la ghorofa 14 lililopinda kama upinde kwenye Uwanja wa Tahrir, lenye vyumba zaidi ya 1,000, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shughuli za wageni zilikuwa ghorofa ya kwanza. Mwandishi aliongozana na kijana wa Tanga aliyekuwa akisoma Al-Azhar, ambaye alilijua jengo lile kama nyumba ya mama yake mdogo.

“Kaka, usipange foleni hapo,” alimwambia. “Hapo ni kwa kupokea. Tunaanza kwa fomu, halafu stempu, halafu tunarudi kwenye fomu.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Fomu dirisha moja, stempu za ada dirisha jingine, nakala ya pasipoti kwa mtu mwenye mashine nje ya jengo, picha mbili, kisha kurudi kwa mama mmoja aliyekuwa na rundo la pasipoti za mataifa yote mezani, akizipanga huku akinywa chai. Hakuwa mkali. Alimuuliza kijana kwa Kiarabu kama mgeni wake amekwisha kula, akagonga muhuri, akaelekeza kidole kwenye dirisha linalofuata. Wamisri wenyewe walilicheka jengo hilo kuliko mgeni yeyote. Mwaka 1992 mwigizaji Adel Imam alicheza filamu nzima kuhusu baba anayekwenda Mogamma kuomba uhamisho wa shule wa watoto wake, akazungushwa hadi akajikuta ameshika bunduki na kuteka watu. Watazamaji walijaa kumbi za sinema.

Kwa sababu ya mzunguko huo, wageni wengi walifanya hesabu rahisi. Faini ya kupitiliza muda ilikuwa pauni 153 za Misri kwa miaka mingi, ikilipwa uwanja wa ndege siku ya kuondoka. Kuna waliokaa miezi kwa mtindo huo, wakaona bora faini kuliko asubuhi nzima Mogamma. Ofisi za wageni za Mogamma zimehamishiwa Abbasiya, na jengo lenyewe limekabidhiwa wawekezaji walifanye hoteli. Huenda siku moja mtalii akalala katika chumba ambacho mwenzake alisota akisubiri muhuri.

Mabadiliko makubwa yalianza pale pale Tahrir. Mwaka 2010 Misri ilipokea watalii milioni 14.7. Januari 2011 uwanja ukajaa waandamanaji, Rais Hosni Mubarak akaanguka, na hoteli za Luxor zikabaki na wahudumu wasio na wa kumhudumia. Katikati ya hali hiyo, Septemba 2011, ikatangazwa kwamba anayesafiri peke yake, nje ya kundi la kampuni ya utalii, hatauziwa tena stika uwanjani. Aombe viza ubalozini. Wenye hoteli na mawakala wakapiga kelele, na agizo likasimamishwa ndani ya siku chache. Machi 2015 likarudi kwa sura ile ile, na tarehe ya kuanza ikatajwa: 15 Mei. Kelele zikapigwa tena, na serikali ikasema itasubiri kwanza mfumo wa viza wa mtandao uwe tayari.

Oktoba 31 mwaka huo huo ndege ya Kirusi ilianguka Sinai muda mfupi baada ya kuruka kutoka Sharm el-Sheikh, wakafa watu wote 224. Urusi ikazuia safari za ndege. Mwaka 2016 watalii walishuka hadi milioni 5.4, na bado mwanzoni mwa 2017 akatokea mtu serikalini aliyeona huo ndio wakati wa kupandisha stika kutoka dola 25 hadi 60! Uamuzi ukaahirishwa, na mwishowe bei hiyo ya 60 ikaachiwa viza ya kuingia mara nyingi tu. Usalama ndiyo hoja iliyokuwa ikitangulizwa kila mara, lakini aliyekuwa akishinda ni mwenye hoteli, kwa kuwa nchi ilihitaji dola zake.

Penye mkataba wa kisiasa, hata bei ya stika haidaiwi. Anayetua Sharm el-Sheikh au kuingia kwa mpaka wa Taba, na hana mpango wa kutoka katika fukwe za Sinai Kusini, hugongewa muhuri wa bure wa siku 15, iwapo uraia wake uko kwenye orodha. Ni mabaki ya amani ya Misri na Israeli ya mwaka 1979. Akitamani kuziona piramidi, atarudi dirishani kununua stika kama wenzake.

Viza ya mtandao ilikuja Desemba 2017. Orodha ya kwanza ilikuwa na nchi 46, nyingi za Ulaya, pamoja na Marekani, Kanada, Japani na nyingine za aina hiyo. Orodha imerefushwa hadi kupita nchi 70. Miaka michache baadaye ukoo wa mwandishi ulipanga kukutana Cairo kwa harusi, na ndipo tofauti ilipokaa sebuleni. Mpwa wake, aliyezaliwa Leicester na mwenye pasipoti ya Uingereza, alijaza fomu kwenye simu akiwa amejilaza kwenye kochi.

“Mjomba, mimi nimemaliza,” alisema. “Wewe umefika wapi?”

Mjomba alikuwa bado anatafuta taarifa ya benki ya miezi ya karibuni. Bibi harusi ni mmoja, damu ni moja, ila jalada la pasipoti ndilo lililoamua nani aende ubalozini.

Ipo njia ya mkato iliyofunguliwa miaka ya karibuni, nayo ina kejeli yake. Mwafrika mwenye viza hai, iliyokwisha kutumika, ya Marekani, Uingereza, Japani, Kanada, Australia, New Zealand au nchi za Schengen anaweza kupata ya Misri pale pale uwanjani. Yaani mtu wa Mombasa anaaminika Cairo kwa kuwa London ilimwamini kwanza. Wakati huo huo Kenya, kuanzia Julai 2025, imewaondolea karibu Waafrika wote kibali cha mtandao cha kuingia nchini humo, Wamisri wakiwamo. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2018 kuhusu watu kutembea huru barani bado haijapata nchi 15 za kuiridhia ili ianze kazi.

Jirani wa karibu wa Misri ndiye aliyeonja ugumu zaidi. Wasudani waliingia Misri bila viza hadi 1995, mwaka ambao Mubarak alinusurika kuuawa Addis Ababa na lawama zikaelekezwa Khartoum. Mkataba wa mwaka 2004 uliwafungulia mlango wanawake, watoto na wazee. Vita ilipolipuka Khartoum Aprili 2023, mlango ulibaki wazi kwa wiki chache, na kuanzia Juni kila Msudani akatakiwa viza, hata bibi kizee. Kulinganisha foleni ya mpakani Wadi Halfa ya mwaka huo na ile ya stika uwanja wa ndege ni jambo linalouma.

Wapenzi wa soka wana kumbukumbu tamu kidogo. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 lilipohamishiwa Misri, Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi zote zilikuwamo. Kila aliyetaka tiketi alisajiliwa kwenye mtandao wa Tazkarti na kupewa kadi ya shabiki. Juni 27, kwenye Uwanja wa 30 Juni, Kenya iliifunga Tanzania 3-2, na waliohangaikia safari hiyo kutoka Dar walirudi na kadi yao kama ukumbusho wa kipigo.

Kitu ambacho hakijabadilika ni kadi ya njano. Atokaye nchi zenye homa ya manjano huulizwa kadi hiyo, na Misri imekuwa ikiijumuisha hata Tanzania. Asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata kama tarehe ya zamani iliyoandikwa ndani imepita.

Mwaka 2024 Misri ilipokea watalii milioni 15.7, rekodi ya wakati huo, na Novemba 1, 2025 ikafungua rasmi Jumba Kuu la Makumbusho karibu na piramidi za Giza. Anayejiandaa kwenda aangalie pasipoti yake kama ina miezi 6 mbele, na aulize ubalozini kabla hajalipia tiketi, kwa maana nchi huongezwa kwenye orodha bila kengele kupigwa. Akiwa miongoni mwa wanaoruhusiwa kuomba kwa mtandao, ahakikishe anwani ya tovuti inaishia na gov.eg. Nyingine zinazouza viza hiyo hiyo kwa bei ya juu ni za madalali, sawa na wale wanaosimama kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege wa Cairo na vibao mkononi, wakiuza kwa faida stika iliyopo dirishani hatua chache mbele yao.