Baa imekwenda, na mimi mwandishi sina hata picha



Jumanne iliyopita nilishuka daladala Magomeni Mapipa, nikakata mitaa kwenda kumjulia hali baba mdogo. Nilipofika kwenye kona nikasimama. Baa haipo. Pale palipokuwa na kibaraza chekundu cha saruji pamezungushiwa mabati, na ndani katapila linasomba kifusi. Fundi mmoja akaniambia zinajengwa fremu za maduka.

Jina la baa silitaji. Warithi bado wanagombana, na ugomvi wao si wangu. Baba mdogo aliikuta alipohamia mtaani mwaka 1974, na wazee waliomtangulia walimwambia ilikuwapo tangu kabla ya Uhuru.

Haikufa siku moja. Kwanza iliondoka bendi. Baa za mji huu zilikuwa na mambo yake jamani. Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, waliozaliwa mwaka 1978, jina walilipata kwa baa waliyokuwa wakipiga. Ya kwetu haikutoa Sikinde, lakini kila Jumamosi magitaa yalilia. Bendi ilipoondoka likaja disko, disko nalo likafa, ikabaki televisheni ya mpira. Kisha paa likaanza kuvuja. Mzee mwenye baa alipofariki, stoo ikapangishwa kwa kinyozi, na nusu ya kaunta kwa wakala wa kutuma pesa. Wateja wakabaki watano sita, wote rika la baba mdogo.

Nilimkuta mzee amekaa barazani kwake, kimya. Nikamwamkia, akaitikia. Halafu akauliza:

"Wewe si mwandishi wa gazeti? Uliipiga hata picha?"

Sikuwa na jibu. Nimepita pale miaka nenda rudi. Nimeandika habari za semina, uzinduzi wa visima, hotuba za waheshimiwa ambazo hata wao wamezisahau. Baa ile sikuiandika hata mstari mmoja, kwa sababu ilikuwapo tu kila siku.

Kuna jambo moja linaloniuma zaidi. Baba yangu alipofariki, kamati ya mazishi ilikaa pale. Mhudumu alichukua daftari la mali kauli, akaligeuza nyuma, akaandika rambirambi: jina la mtu na alichotoa. Waliokuwa wanadaiwa bia mbele ya daftari ndio hao hao waliomzika baba yangu nyuma ya daftari. Nilikuwa najiambia siku moja nitaliomba nilinakili. Sasa hakuna anayejua liliko. Huenda lipo chini ya kifusi.

Usiku ule nikawa nasoma habari za baa moja ya London, Carlton Tavern, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Aprili 2015 wenye jengo waliibomoa bila kibali, wakati ikiwa karibu kuingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Kumbe majirani walikuwa wameshahisi. Walikwisha kuomba baa yao ilindwe, na wataalamu wa urithi walikuwa wamelikagua jengo na kuandika lilivyo. Halmashauri ikaamuru lijengwe upya kama lilivyokuwa. Wenye jengo wakapinga, mwaka 2016 wakashindwa. Aprili 2021 baa ikafunguliwa tena.

Najua utasema ile ni Uingereza. Kweli. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo la kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo linasubiri waziri alitangaze. Magomeni nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere imehifadhiwa kuwa makumbusho, na ni haki yake. Lakini waziri gani atatangaza baa yenye paa linalovuja?

Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya sheria. Wale wa London walishinda kwa sababu baa yao ilikuwa imeandikwa kabla ya kubomolewa. Sisi leo hata waziri akija na mifuko ya saruji, tutamwambia ajenge nini? Dirisha lilikuwa la namna gani? Jukwaa lilikuwa na upana gani? Mimi nakumbuka kibaraza chekundu. Baba mdogo anabisha, anasema kilikuwa cha kijivu, kilipakwa rangi miaka ya tisini.

Jumapili nilirudi kwake na daftari jipya la kurasa mia. Tulianza na majina ya waliochangia msiba wa baba. Tumefika kumi na saba. Baba mdogo anasema walizidi arobaini. Wengine amewasahau, wengine anawakumbuka sura tu.

Ndugu yangu, kama mtaani kwenu kuna baa ya zamani bado imesimama, pita leo. Agiza hata soda. Piga picha kaunta, muulize mhudumu jina la aliyeijenga, andika.

Mimi nilichelewa.