"Wewe Si Ndo Msomi Wetu?"

Mwezi wa pili baba mdogo alinipigia nikiwa foleni ya kafeteria. "Wewe si ndo msomi wetu? Soma nilichokutumia, utujibu wiki hii." Lilikuwa tangazo la WhatsApp: kliniki moja ya nje ya nchi inatibu moyo kwa seli za uboho. Familia ilishapata mteja wa kiwanja. Baba alipata mshtuko wa moyo mwaka jana, na siku hizi kutembea hadi dukani anapumzika mara mbili.

Mimi nasoma ualimu, Kiswahili na Historia. Biolojia niliiaga kidato cha nne. Lakini nilikaa maktaba siku tatu.

Nilichoelewa ni hiki. Msuli wa moyo ukikosa damu, seli zake hufa, panabaki kovu, na kovu halidundi. Seli mpya huzaliwa chache mno, kama asilimia 1 au pungufu kwa mwaka kwa mtu mzima. Ndiyo maana watafiti wakazijaribu seli za stroma, zinazopatikana kwenye uboho wa mifupa. Kumbe zikidungwa hazigeuki kuwa msuli mpya kama tangazo lilivyodai. Nyingi hufa mapema, ila hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kusaidia mishipa ya damu. Utafiti mkubwa uitwao DREAM-HF, wenye wagonjwa zaidi ya 500, ulitoa matokeo 2023: lengo lake kuu, kupunguza wagonjwa kuzidiwa tena, halikufikiwa. Mshtuko wa moyo na kiharusi vilipungua, lakini hilo bado linahitaji kuthibitishwa.

Nikampigia Baba mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hakuna?"

Darasani tunafundishwa namna ya kumjibu mwanafunzi bila kumvunja moyo. Sikukumbuka hata moja.

"Bado, Baba."

Kimya. Kisha akauliza, "Na hivi vidonge vya hospitali?" Hapo ndipo nilipojua alikuwa ameacha kuvimeza wiki tatu, hela ya dawa anaiweka kwa ajili ya safari.

"Hivyo vimethibitishwa. Kesho asubuhi rudi kliniki, uwaambie ukweli."

Alikwenda. Kiwanja bado kipo. Baba mdogo hajaniongelesha tangu Pasaka, anasema nimemnyima kaka yake uhai. Linaniuma.

Wenzangu, simu kama ile itakufikia nawe. Usiseme haraka "mimi si daktari". Omba siku tatu, kasome.